Anwani Kwanza, Kiti Baadaye: Nafasi za Shule kwa Watoto Wanaohamia Uingereza

Nchini Uingereza, kiti cha mtoto katika shule ya serikali hufuata nyumba anayolala. Sheria inataka kila mtoto awe anasoma ifikapo muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 5, na inaitaka halmashauri ya kila eneo ihakikishe kwamba shule zinatosha. Lakini halmashauri huhesabu watoto walio ndani ya mipaka yake, si walio safarini, na hakuna mtoto anayehakikishiwa shule fulani kwa jina. Mzazi aliyeishi mtaa mmoja maisha yake yote haoni ugumu wowote hapo. Familia inayotoka ng'ambo huuona tangu siku za mwanzo: shule inauliza anwani, mwenye nyumba anauliza barua ya kazi, na mtoto anakaa ndani huku wenzake wakipita nje na sare zao. Pengo hilo kati ya haki ya kusoma na kiti chenyewe lina umri sawa na elimu ya umma ya nchi hiyo, iliyoanza mwaka 1870, na kila kundi la wageni limelikuta. Uingereza inayozungumziwa hapa ni England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Kabla ya 1870 hapakuwa na kiti cha umma cha kugombea. Watoto wengi waliotoka ng'ambo kuja kusoma walikuwa watoto wa Waingereza wenyewe, waliorudishwa kwao na wazazi waliobaki India, China au visiwa vya Pasifiki, kwa hofu ya homa na kwa imani kwamba Mwingereza hulelewa Uingereza. Mtoto wa namna hiyo hakuwa na nyumba nchini, kwa hiyo bweni ndilo lililokuwa anwani yake. Mwaka 1838 ilifunguliwa Walthamstow, nje kidogo ya London, shule ya mabinti wa wamisionari. Miaka 4 baadaye ikafuata ya wavulana. Nyuma ya shule hizo yalikuwapo mashirika ya kimisionari, likiwemo London Missionary Society, ambalo mwishoni mwa miaka ya 1870 lilifungua vituo Ujiji na Urambo. Maofisa wa jeshi na watumishi wa dola nao walikuwa na shule zao. Haileybury, iliyokuwa tangu 1806 chuo cha watumishi wa Kampuni ya India Mashariki, ilifufuliwa mwaka 1862 kama shule ya wavulana. Mwaka 1874 ikaanzishwa United Services College huko Westward Ho!, Devon, kwa ajili ya watoto wa maofisa wasiomudu karo za shule kubwa. Humo ndimo alimosoma Rudyard Kipling, mzaliwa wa Bombay, ambaye wazazi wake walimwacha kwa walezi Southsea mwaka 1871, hajatimiza hata miaka 6, wakarudi India.

Mfumo huo uliwafaa wenye mshahara wa dola au shirika la kuwalipia. Kwa upweke wa mtoto haukuwa na dawa, lakini suala la kiti ulilimaliza kabisa, maana kiti kilikuwa kimeshalipiwa kabla meli haijatia nanga. Maskini aliyekuja kutoka ng'ambo na watoto wake hakuwa na njia hiyo. Alitegemea kanisa, sinagogi, au hisani ya watu.

Sheria ya Elimu ya 1870, iliyofikishwa bungeni na W. E. Forster, ilianzisha bodi za shule zilizochaguliwa na walipa kodi, zijenge shule pale ambapo za makanisa hazikutosha. Mwaka 1880 kuhudhuria shule kukawa lazima hadi umri wa miaka 10, na mwaka 1891 karo za shule za msingi zikafutwa karibu kote. Wakati ulikuwa muhimu. Kuanzia 1881 Wayahudi kutoka himaya ya Urusi walianza kumiminika mashariki mwa London kukimbia mashambulizi na umaskini, na sheria mpya haikuwauliza watoto wao walizaliwa wapi. Iliuliza wanaishi wapi. Ofisa wa mahudhurio aliyepita nyumba kwa nyumba Whitechapel alimwandika mtoto wa fundi viatu aliyefika wiki iliyopita kama alivyomwandika mtoto wa jirani. Hapo anwani ilikuwa mlango ulio wazi.

Wengi waliingia Jews' Free School ya Bell Lane, Spitalfields, shule ya hisani yenye asili ya karne ya 18, iliyoongozwa kwa zaidi ya miaka 50 na mwalimu mkuu Moses Angel. Karne ya 20 ilipoanza ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 4,000, na ikitajwa kuwa miongoni mwa shule kubwa kuliko zote duniani. Ukoo wa Rothschild ulichangia fedha, nguo na viatu. Masharti yalikuwa wazi: Kiyidi kibaki mlangoni, Kiingereza kishike nafasi yake haraka iwezekanavyo. Shule za bodi zilizoizunguka nazo zilijifunza kujirekebisha. Ile ya Old Castle Street, iliyojaa watoto wa Kiyahudi, ilipewa mwalimu mkuu Myahudi, na Ijumaa za majira ya baridi watoto waliruhusiwa mapema ili wawe nyumbani kabla Sabato haijaingia. Hayo hayakuandikwa katika sheria yoyote. Yalitokana na bodi iliyotaka madarasa yake yajae na wazazi waliotaka watoto wao wasome, na yanaonyesha kwamba mfumo ule mkali ulijua kunyumbulika palipo na nia.

Sheria ya 1902 iliondoa bodi na kuzikabidhi shule kwa halmashauri za miji na kaunti. Miaka 3 baadaye Sheria ya Wageni ya 1905 ikaweka kizuizi cha kwanza cha kisasa bandarini, na tangu hapo mambo mawili yakaenda kwa njia tofauti: nani aingie nchini likawa jambo la serikali kuu, mtoto wake asome wapi likabaki la halmashauri. Mara nyingi mkono mmoja haukujua wa pili unafanya nini.

Hilo lilijitokeza mwaka 1937, watoto karibu 4,000 wa Kibasiki waliposhuka Southampton kutoka meli ya Habana, wakikimbia mabomu ya vita vya Hispania. Serikali iliwakubali kwa sharti kwamba hazina isilipe chochote. Walilala kwanza kwenye mahema karibu na Eastleigh, kisha wakagawanywa katika makazi ya hisani, na wengi walifundishwa humohumo na walimu waliosafiri nao. Mwaka uliofuata walianza kufika watoto, wengi wao Wayahudi, kutoka Ujerumani, Austria na Czechoslovakia, karibu 10,000 kwa jumla hadi vita vilipoanza Septemba 1939. Hawa wengi wao walikaa kwenye nyumba za walezi, na shule ikafuata nyumba: aliyepata mlezi mjini penye shule nzuri alisoma vizuri, aliyepelekwa shambani alisoma ya kijijini, na aliyetimiza miaka 14, umri wa kumaliza shule wakati huo, mara nyingi alitafutiwa kazi.

Sheria ya Elimu ya 1944, kazi ya waziri R. A. Butler, ndiyo iliyoweka msingi unaotumika hadi leo. Ilifanya elimu ya sekondari kuwa bure, ikaitaka kila mamlaka ya elimu iwe na shule za kutosha eneo lake, na katika kifungu cha 76 ikasema watoto wasomeshwe kadiri inavyowezekana kwa kufuata matakwa ya wazazi wao. Mahakama baadaye zilisoma kifungu hicho kwa ubahili, lakini hata hivyo kilikuwa kimempa mzazi neno la kushika mkononi.

Wa kwanza kuijaribu sheria hiyo kwa wingi walikuwa Wapolandi, na sehemu ya safari yao ilipita Afrika Mashariki. Raia wa Poland waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti walitolewa kupitia Iran mwaka 1942, na maelfu ya wanawake na watoto wakapelekwa kwenye makambi ya Tanganyika, Uganda, Kenya na Rhodesia Kaskazini. Kubwa lilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, lenye watu kama 5,000, kanisa, hospitali na shule zake. Watoto walikulia chini ya mlima Meru wakisoma kwa Kipolandi. Vita vilipokwisha, wengi walipelekwa Uingereza kuwafuata baba na kaka waliopigana chini ya majeshi ya Uingereza. Sheria ya Kuwapatia Wapolandi Makazi ya 1947 ilienda sambamba na kamati maalumu ya elimu yao, iliyoendesha shule, zikiwemo za bweni, ambamo Kiingereza kiliongezwa hatua kwa hatua mpaka mtoto aweze kuhamia shule ya kawaida. Kamati ilimaliza kazi yake mwaka 1954. Hakuna kundi la wageni lililokuja baadaye lililoandaliwa namna hiyo, kwa fedha za serikali kuu na kwa kamati na shule zake. Sababu ilikuwa deni la vita, na walipokuja wengine wasio na deni la kudai, mpango huo haukurudiwa.

Waliokuja kutoka Karibiani, India na Pakistan baada ya 1948 walikuwa raia wa dola, na kwa sababu hiyo hawakupangiwa chochote. Kwanza walikuja watu wazima kufanya kazi. Sheria ya Uhamiaji wa Jumuiya ya Madola ya 1962 ilipotangazwa, wanaume waliokuwa wakienda na kurudi waliharakisha kuwaita wake na watoto kabla mlango haujafungwa, na madarasa ya miji michache yakajaa ghafla. Southall, magharibi mwa London, ndipo mgogoro ulipopasuka. Katika shule ya msingi ya Beaconsfield Road zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamekuwa wa wahamiaji, wengi kutoka Punjab. Wazazi Wazungu walilalamika, na Oktoba 1963 waziri wa elimu, Sir Edward Boyle, akaenda kuwasikiliza. Jibu lake halikuwa kuitenga shule kwa rangi, kama baadhi walivyotaka, bali kuweka kikomo: watoto wahamiaji wasizidi takriban theluthi moja ya shule yoyote. Juni 1965 waraka namba 7/65 wa wizara ukaifanya kuwa sera ya taifa. Mtoto aliyezidi hesabu apandishwe basi.

Waraka haukuwa amri, na hapo ndipo tofauti za halmashauri zilipoonekana. London ya ndani na Birmingham zilikataa. Ealing, ambayo Southall iko ndani yake, na Bradford zilikubali, na kwa miaka 15 hivi watoto wadogo walisimama vituoni alfajiri kusubiri mabasi ya kuwapeleka shule za mbali, ambako walifika wageni na kuondoka wageni, maana michezo ya baada ya masomo haikungoja ratiba ya basi. Waliosafirishwa walikuwa wa upande mmoja tu. Sababu iliyotolewa ilikuwa lugha, lakini Ealing iliwapandisha basi hata watoto waliozungumza Kiingereza vizuri, wakiwemo waliozaliwa Uingereza. Ubaya wa mpango huo haufichiki: uligeuza kanuni ya anwani dhidi ya wale waliokwisha kuwa na anwani. Mtoto wa Southall aliyeishi hatua 100 kutoka shuleni alinyimwa kiti ambacho jirani yake alipewa bila kuulizwa. Bodi ya Mahusiano ya Rangi ilichunguza, wazazi wa Kiasia wakapinga, na mabasi yakasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Watoto wa Karibiani walikutana na mlango mwingine. Walipata shule, lakini vipimo vya akili vilivyotungwa kwa watoto wa Kiingereza, pamoja na lahaja yao iliyohesabiwa kuwa kosa, viliwapeleka wengi mno katika shule za waliodaiwa kuwa wazito wa kufundishika. Mwaka 1971 mwalimu kutoka Grenada, Bernard Coard, alichapisha kitabu kidogo kilicholifichua jambo hilo, na wazazi waliokuwa wakiwaamini walimu bila swali wakaanza kuuliza. Walikuwa tayari wameanza kujitegemea: mwaka 1969 John La Rose alianzisha London shule ya ziada iliyopewa jina la George Padmore, moja ya nyingi zilizofanya kazi Jumamosi kuziba yaliyoachwa na siku 5 za juma.

Waasia wa Afrika Mashariki wana sura yao katika historia hii. Baada ya uhuru wengi walikuwa na pasi za Uingereza. Sheria za Kenya za 1967 juu ya kazi na uhamiaji ziliwasukuma maelfu kuondoka, na Machi 1968 bunge la Uingereza likapitisha kwa siku chache sheria ya kuwazuia, ikafuatiwa na vibali vya mgao. Tanzania, kutaifishwa kwa majengo mwaka 1971 kuliwang'oa wengine. Kisha tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akatangaza siku 90. Watu karibu 28,000 waliingia Uingereza kutoka Uganda katika miezi michache, wa kwanza wakitua Stansted Septemba 18. Walipokelewa na Bodi ya Makazi ya Waganda, ikawapeleka katika makambi 16, mengi yakiwa kambi za jeshi zilizoachwa, kama Stradishall huko Suffolk na Greenham Common.

Bodi ilikuwa na ramani yake ya maeneo mekundu na ya kijani. Nyekundu ni miji iliyosemekana kujaa, na watu walishauriwa wasiende. Kijani ni pale penye nafasi. Kipimo kimojawapo kilikuwa shule. Leicester, mji wa soksi na viatu uliokuwa na Waasia wa Kenya na Uganda tayari, haukungoja ramani. Septemba 1972 halmashauri yake ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus la Kampala, likiwataka wasomaji, kwa faida yao na ya familia zao, wasiende Leicester. Miongoni mwa sababu ni kwamba mamia ya watoto walikuwa tayari wanasubiri nafasi za shule. Ni mara chache kiti cha darasani kimetajwa waziwazi namna hiyo kuwa sababu ya kumkatalia mtu mji. Watu walikwenda hata hivyo, kwa maelfu, kwa sababu ndugu walikuwapo, nyumba za Belgrave na Highfields zilikuwa rahisi, na viwanda vilikuwa na kazi. Wapo waliosema baadaye kwamba tangazo lenyewe ndilo lililowafundisha jina la mji.

Watoto wao hawakulingana na picha ambayo wizara ilikuwa nayo. Nyumbani walizungumza Kigujarati, dukani na barabarani Kiswahili, lakini shuleni wengi walikuwa wamefundishwa kwa Kiingereza, katika shule za Aga Khan na za serikali ambazo mitihani yake ya mwisho ilikuwa ikisahihishwa Cambridge. Kijana wa Kampala au Kisumu aliweza kuwa anaujua mtaala wa Uingereza kuliko jirani yake mpya. Hata hivyo fedha za kuwasaidia wageni, zilizotolewa kwa kifungu cha 11 cha Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1966, zilielekezwa zaidi kwenye ufundishaji wa Kiingereza, na aliyefika alihesabiwa kwanza kuwa mtu wa kufundishwa lugha. Kilichowaokoa wengi ni wazazi wenyewe. Waliposhuka kutoka maisha ya maduka hadi kazi za kiwanda, shule ndiyo iliyobaki kuwa mali yao, nao waliishikilia kwa mikono miwili.

Vituo vya lugha vilikuwa jibu la miaka hiyo kwa wasiojua Kiingereza. Huddersfield ilitangulia na shule ya Spring Grove. Miji mingine ya kaskazini ikafuata na vituo ambamo mtoto alikaa kwa miezi, wakati mwingine zaidi, kabla ya kupewa kiti katika shule ya kawaida. Walimu wengi walifanya kazi kwa moyo, lakini mtoto wa kituoni hakusoma sayansi wala historia kama wenzake, na kadiri alivyokaa ndivyo alivyozidi kuachwa. Ripoti ya Swann ya 1985, iliyoagizwa na serikali, ilipinga utengano huo, na mwaka 1986 Tume ya Usawa wa Rangi ilichunguza Calderdale, Yorkshire, ikakuta kwamba mpango wa kituo na vipimo vyake ulikuwa ubaguzi usio wa moja kwa moja. Tangu hapo kanuni ni kwamba mtoto hujifunza lugha akiwa ndani ya darasa la rika lake. Pendekezo la kinyume lilirudi mara moja: sheria ya uhamiaji ya 2002 iliruhusu watoto wa waomba hifadhi wasomee ndani ya vituo vya makazi yao. Vituo hivyo havikujengwa.

Tower Hamlets, mashariki mwa London, ilionyesha ukomo wa ahadi ya 1944. Mwishoni mwa miaka ya 1980 familia za wafanyakazi wa Kibangladeshi zilikuwa zimewasili kwa wingi katika mitaa ileile ya Spitalfields na Whitechapel iliyowapokea Wayahudi karne moja kabla, na mamia ya watoto wakakosa kiti hata kimoja. Hapakuwa na shule ya mbali wala basi. Shule hazikutosha, na walimu hawakupatikana. Mzazi mmoja alikwenda mahakamani dhidi ya mamlaka ya elimu ya London ya ndani. Uamuzi wa 1990 ulisema wajibu wa kuwa na shule za kutosha ni wa kulenga shabaha: mamlaka inayofanya juhudi za busara haijavunja sheria hata kama bado haijafika. Kwa mtoto aliyekaa nyumbani mwaka mzima, huo ulikuwa uamuzi mchungu. Mwezi Aprili mwaka huohuo mamlaka yenyewe ilivunjwa, mtaa ukachukua shule zake, na madarasa mapya yakajengwa katika miaka iliyofuata.

Wakati huo sheria nyingine zilikuwa zinambadilisha mzazi kuwa mteja. Sheria ya 1980 ilimpa haki ya kutaja shule anayoipendelea na kukata rufaa akikataliwa. Ya 1988 ilizilazimisha shule kupokea watoto hadi ziwe zimejaa. Mahakama iliamua katika kesi ya Greenwich ya 1989 kwamba halmashauri haiwezi kuwapendelea watoto wa ndani ya mpaka wake kwa sababu ya mpaka tu. Mwaka 1992 yakaanza kuchapishwa matokeo ya mitihani shule kwa shule, na wazazi wenye uwezo wakaanza kununua nyumba karibu na shule za juu ya orodha. Anwani ikapanda bei. Mgeni aliyekuja na fedha aliweza kuinunua; aliyekuja na masanduku alipanga pale palipokuwa rahisi, na shule iliyobaki na nafasi ndiyo iliyompokea. Matokeo yalileta tatizo jingine: mwanafunzi wa miaka 15 kutoka ng'ambo, anayefika miezi michache kabla ya mitihani, alionekana kuwa hasara kwa jedwali la shule. Wizara baadaye iliruhusu matokeo ya waliofika karibuni wasiojua Kiingereza yasihesabiwe, jambo lililopunguza kishawishi bila kukimaliza.

Sheria ya 1998 ilileta kanuni za udahili zilizochapishwa kwa mara ya kwanza 1999, msuluhishi wa kuzisimamia, na kikomo cha watoto 30 kwa darasa la wenye miaka 5 hadi 7. Kanuni zimeandikwa upya mara kadhaa. Toleo la Septemba 2021 ndilo linalomgusa zaidi anayehamia. Ndani ya kanuni hizo mna tofauti inayosema mengi. Familia ya mwanajeshi au mtumishi wa serikali ya Uingereza anayerudi kutoka ng'ambo hupewa nafasi kabla ya kufika, kwa barua rasmi yenye tarehe na anwani ya makazi ya baadaye. Familia nyingine mara nyingi hutakiwa iwe nchini kwanza, na mkataba wa pango au bili mkononi. Shule ya bweni ya enzi ya dola imekwisha, lakini mantiki yake bado hai katika barua hiyo.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki kalenda nayo ni kikwazo. Mwaka wa shule Kenya na Tanzania huanza Januari. Uingereza huanza Septemba, na mtoto huwekwa darasa la rika lake kwa kuhesabu umri wake hadi Agosti 31, bila kujali amemaliza darasa la ngapi. Maombi ya kidato cha kwanza cha sekondari hufungwa Oktoba 31, ya darasa la mwanzo la msingi Januari 15, na majibu hutoka Machi 1 na Aprili 16. Familia inayomaliza mwaka Desemba na kusafiri Januari hukuta dirisha la sekondari limeshafungwa na la msingi linafungwa, ikalazimika kuomba nafasi ya katikati ya mwaka. Hadi 2013 maombi hayo yalipitia kwa halmashauri. Tangu hapo shule nyingi, hasa zile zinazojisimamia kama akademia, ambazo sasa ni sehemu kubwa ya sekondari zote, huweza kuyapokea zenyewe, na mzazi asiyeujua mji huweza kupigwa danadana kati ya ofisi na ofisi. Kanuni za 2021 zililijibu hilo kwa muda maalumu: mwombaji wa katikati ya mwaka ajibiwe ndani ya siku 15 za shule, na akikataliwa aelezwe haki yake ya rufaa. Kila halmashauri lazima iwe na utaratibu wa kuwapatia nafasi waliokwama, wakiwemo wakimbizi na waomba hifadhi, ndani ya siku 20 za shule. Kwa wadogo wenye kikomo cha 30, aliyehamia katikati ya mwaka na asiye na shule nyingine kwa umbali wa haki huingizwa juu ya kikomo.

Uraia hauulizwi mlangoni. Mwongozo wa wizara unakataza shule kumkatalia mtoto kwa sababu ya hadhi yake ya uhamiaji, ingawa wenye viza ya utalii au viza ya mwanafunzi mtoto hawaruhusiwi kusoma shule za serikali. Viza hiyo ya pili ni ya shule za kulipia tu. Mwaka 2016 shule zilitakiwa kukusanya uraia na nchi ya kuzaliwa ya kila mtoto. Wazazi wengi walikataa kujaza, wakihofia taarifa zifike kwa maofisa wa uhamiaji, na zoezi likafutwa 2018.

Miaka ya karibuni imeleta watu wa Hong Kong kwa viza iliyofunguliwa Januari 31, 2021, Waafghani mwaka huohuo, Waukraine 2022, na wauguzi na wahudumu wa wazee kutoka Afrika, wakiwemo Wakenya waliopita katika makubaliano ya Julai 2021 kati ya Nairobi na London. Tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili hawaruhusiwi kuja na familia, na kuanzia Machi 11 mwaka huo wahudumu wapya wa wazee nao walizuiwa kuja nazo; watoto wao walibaki kwa bibi, Kisumu au Moshi. Wakati huohuo idadi ya watoto London imeshuka, na mitaa ya ndani kama Hackney, Lambeth na Southwark inafunga au kuunganisha shule za msingi kwa kukosa wanafunzi.